Jino la papa kutoka Khouribga, mita 800 juu ya bahari: lilifikaje kule?

#1 Mhandisi_Rabat

Wakuu, habari za jioni. Nasoma Moroko, huu mwaka wa tatu. Wiki iliyopita mwenzangu wa darasa alinipeleka kwao karibu na Khouribga, kule wanakochimba fosfeti, jiwe la kutengenezea mbolea, tangu 1921. Babu yake ana ndoo nzima ya meno ya papa. Anasema aliyaokota ujanani, mengine shambani, mengine kwenye vifusi vya zamani. Akanichagulia moja, akanitia mkononi.

Nimelipima: urefu sentimita 6 na kidogo. Bapa kama kichwa cha mkuki, rangi ya asali iliyokolea, shina nene, na kila upande wa shina kuna kijino kidogo kimesimama. Makali hayana msumeno, yanateleza, lakini nikilibana linanikata kidole mpaka leo.

Sasa hapa ndipo usingizi ulipokatika. Khouribga iko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, na kutoka Atlantiki ni zaidi ya kilomita 100. Ukisimama pale unaona nyasi kavu, kondoo na vumbi. Mwenzangu anasema palikuwa bahari, tena ya kina kifupi. Nikamuuliza, hicho kina umekijuaje? Akakosa jibu. Naomba kuelimishwa: jino linaweza kusema maji yalikuwa ya kina gani? Au lililetwa na mto tu, au na watu?

#2 Kibo_Kiboko

Mkuu hilo ni la megalodon! Papa wa mita 20, mdomoni ana meno elfu thelathini. Lishike vizuri hilo. Tuma picha.

#3 Mchungaji_Kijana

Sioni fumbo hapa. Gharika ya Nuhu ilifunika milima yote. Samaki walikuwa juu ya milima, maji yakaondoka, meno yakabaki.

#4 Jiwe_Tabaka

Mimi ni mtu wa miamba, nipo Dodoma. Kibo, nakurekebisha mara mbili.

Kwanza, si megalodon. Soma tena #1: hakuna msumeno, na kuna vijino vya pembeni. Huyo kwa maelezo ni *Otodus obliquus*, babu wa ukoo uleule. Katika ukoo huo makali yalianza yakiwa laini, msumeno ukaja baadaye, vijino vya pembeni vikapungua vizazi kwa vizazi hadi vikapotea, ndipo akaja megalodon. Megalodon aliishi kati ya miaka milioni 23 na milioni 3.6 iliyopita. Fosfeti za Khouribga zilianza kujilaza chini miaka milioni 70 na ushei iliyopita, zikaisha kama milioni 48 hivi. Jino lake haliwezi kuwamo.

Pili, hakuna papa mwenye meno 30,000 mdomoni kwa wakati mmoja. Ana safu nyuma ya safu. La mbele likidondoka la nyuma linasogea. Papa wa aina fulani wanaweza kumwaga maelfu ya meno maishani, hata kufika makumi ya maelfu. Ndiyo maana tunapata meno na hatupati papa: mifupa yake ni gegedu, inaoza haraka, wakati jino ni gumu na alishaliacha hata kabla hajafa.

Mhandisi, kuhusu kina: jino moja halisemi kina. Uliza lilikuwa na nani.

#5 Mhandisi_Rabat

Asante sana Jiwe. "Lilikuwa na nani" maana yake nini? Kwenye ndoo kulikuwa na meno ya namna tano sita hivi. Mengine membamba marefu kama sindano. Na kulikuwa na vipande bapa vyeusi vyeusi, kama vigae vidogo vimepangwa bega kwa bega. Babu anaviita "mawe ya kusugulia".

#6 Nahodha_Mstaafu

Wanangu, mawe siyajui, lakini papa nawajua. Nimetega jarife, wavu mkubwa wa papa, tangu kijana, Kilwa, Songosongo, hadi Mafia, mpaka magoti yalipokataa.

Hivyo vigae ni vya taa, yule samaki bapa. Mpasue taa mkubwa mdomo utaviona: hana meno ya kukatia, ana sakafu mbili za kusagia, juu na chini. Anafukua mchanga, anatoa chaza na kome, anasaga. Taa wa namna hiyo chakula chake kiko chini penye mchanga na tope, pale jua bado linapofika. Kilindini hana kazi.

Na hayo membamba kama sindano ni ya papa anayemeza samaki mzima mzima. Sindano inashika, haikati. Mwenye jino pana ndiye anayekata nyama. Mwenye msumeno anakata hata gamba la kasa.

Nikupe siri ya jarife. Pale Rufiji inapomwaga, maji ya tope, tulikuwa tunatoa papa pingusi wachanga, wale wa kichwa cha nyundo, urefu wa mkono wa mtu mzima, na taa kwa wingi. Ukitoka nje ya mwamba, maji yakigeuka bluu ya wino, huwaoni wachanga tena, unaona wakubwa wapita njia. Nimwagie samaki wote wa jarife moja mchangani, usiniambie ulitega wapi, nitakuambia. Lakini ukiniletea papa mkubwa mmoja tu, siwezi. Mkubwa anatembea popote.

#7 Jiwe_Tabaka

Nahodha, umefundisha somo langu la muhula mzima kwa aya nne.

Hivyo ndivyo inavyofanyika. Mwamba wa Khouribga ni jarife lililotegwa. Humo wamekutwa taa wasagaji, papa wa meno ya sindano ambao ndugu zao wa leo hukaa karibu na pwani, kasa, na mamba. Kinachonifurahisha zaidi ni wanyama wa nchi kavu: ndugu wa zamani kabisa wa tembo. *Eritherium*, aliyeelezwa kitaalamu 2009, ana takriban miaka milioni 60 na uzito wake ni kilo chache tu, hata mbuzi anamzidi. Yeye hakuogelea hadi katikati ya bahari kuu. Mzoga uliteremshwa na maji kutoka pwani iliyokuwa jirani. Kwa hiyo picha ni ya ghuba iliyoingia bara kutoka Atlantiki, yenye kina kifupi.

#8 Yakhe_Forodhani

Yakhe, mbona mwaenda mbio? Nahodha kasema mkubwa anatembea popote, na jino la Mhandisi ni la mkubwa. Meli ya Challenger ya Waingereza, 1872 hadi 1876, ilikokota meno ya megalodon kutoka sakafu ya Pasifiki, kina cha zaidi ya mita 4,000. Pale kuna kina kifupi gani? Mimi nasema jino kubwa halina ushahidi wa kina hata kidogo, litupeni nje ya hesabu.

Na meno yale ya Challenger nilisoma yana miaka 11,000 tu, kwa hiyo hata huo umri wenu wa milioni 3.6 nina wasiwasi nao.

#9 Jiwe_Tabaka

Nusu ya kwanza nakubali. Ile ya pili, hapana. Miaka 11,000 ilitokana na mtafiti mmoja wa 1959 aliyepima unene wa ukoko wa manganizi juu ya jino, akaugawa kwa kasi aliyodhani ukoko unakua nayo. Kasi hiyo haiko sawa kila mahali, na ukoko unaweza kusimama kukua kwa muda mrefu. Kipimo hicho kilikwisha kuachwa. Kule chini mashapo, yaani tope na mchanga unaotuama, yanashuka polepole mno, jino la mamilioni ya miaka linaweza kulala wazi bila kufunikwa.

#10 Hesabu_Tu

Hapo kwenye "polepole" nimepashika. Tabaka lote la fosfeti la Ouled Abdoun, yaani bonde lenye Khouribga, ni makumi machache ya mita. Tuseme mita 50 kwa miaka milioni 25. Gawanya: milimita 2 kwa miaka 1,000. Yaani tangu Vasco da Gama apite Malindi 1498 mpaka leo, lingeongezeka tabaka la milimita moja! Sasa weka papa mamia, kila mmoja anadondosha meno kila wiki, na chini hakuna mchanga wa kuyafunika. Lazima ndoo ijae. Hakuna haja ya kusema bahari ilikuwa na papa wengi kupita kiasi. Meno yalikuwa ya kawaida, mchanga ndio uliokuwa mchache.

Na aliyekuwa anajiandaa kuuliza kama bahari ilipanda mita 800: hapana. Barafu yote ya dunia ikiyeyuka leo, bahari inapanda kama mita 65 hadi 70 tu. Zilizobaki ni ardhi yenyewe kuinuka, Afrika na Ulaya zikisukumana, milima ya Atlas ikikunjwa hapo jirani.

#11 Nahodha_Mstaafu

Hesabu nzuri, lakini bahari haimwagi mchanga kwa kipimo kimoja kama mashine ya kusaga. Njoo ufukweni baada ya kusi kali. Jana palikuwa mchanga, leo pana makombe matupu, yamelala moja juu ya moja. Makombe hayakuletwa yote usiku mmoja. Yalikuwamo mchangani muda mrefu. Wimbi limechukua mchanga, limeacha kizito. Huenda meno yenu yamebaki vivyo hivyo. Bahari imepepeta kama mama anavyopepeta mchele.

#12 Hesabu_Tu

Mzee wangu, ikiwa hivyo basi wastani wangu wa milimita 2 ni mkato tu: kuna nyakati ziliongezeka mita, halafu zikafutwa. Sikubishii. Ila hapo jino la juu na jino la chini yanaweza kulala pamoja na kumbe wamepishana miaka laki kadhaa.

#13 Jiwe_Tabaka

Naam, tena zaidi ya laki. Ndiyo hatari ya ndoo. Mhandisi, humo ndoo kama kuna jino fupi pana, limeinama upande mmoja, na LINA msumeno, hilo linaweza kuwa la papa mwingine, *Squalicorax*. Huyo alipotea pamoja na dinosaria miaka milioni 66 iliyopita. Otodus wako akaja baada yake. Babu ameweka kwenye ndoo moja wanyama ambao hawakuwahi kuonana, na swali la "lilikuwa na nani" linataka tabaka, ndoo haitoshi.

Nami niongeze maelezo ya tatu, maana Hesabu na Nahodha wote wameacha fosfeti yenyewe. Fosfeti nyingi namna ile hujikusanya pale maji baridi ya kilindini yanapopanda juu karibu na pwani, yakileta rutuba. Vijimea vinastawi, dagaa wanafuata, papa wanafuata dagaa, na mizoga na vinyesi vyao vinashuka chini na fosforasi. Kwa maelezo haya papa WALIKUWA wengi kweli.

#14 Bwana_Shamba_Mbeya

Kwa hiyo mbolea ninayomwagia mahindi ni papa?

#15 Jiwe_Tabaka

Ikiwa imetoka kwenye fosfeti ya mashapo kama ya Khouribga, ni papa, taa, dagaa, mamba na vinyesi vyao vyote. Ile ya Minjingu kule Manyara ni hadithi nyingine: ziwa la zamani, na ndege.

#16 Lodwar_Jua

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Turkana. Mnasema mnyama wa baharini akikutwa bara basi palikuwa bahari. Hapa kwetu Loperot, 1964, walipata nyangumi! Nyangumi wa mdomo mrefu, miaka milioni 17. Kilomita 740 kutoka Bahari ya Hindi ya leo, mita 620 juu. Mfupa ukapotezwa makumbusho ya ng'ambo miaka mingi, ukaonekana tena 2011. Na hakuna bahari iliyofika Turkana wakati huo. Alipanda mto, akapotea njia, akafia bara. Wataalamu 2015 walimtumia kuonyesha kwamba ardhi yetu ilikuwa chini sana wakati ule, makumi machache ya mita tu juu ya bahari, kisha ikanyanyuliwa.

Na si nyangumi pekee. Mabonde haya yametoa taa wenye miba, wa takriban miaka milioni 2, ndani ya mashapo ya ziwa na mto. Taa! Nahodha atasema mchanga na chaza wa baharini?

#17 Nahodha_Mstaafu

Nimekoma kwa taa wa Turkana, hilo sikulijua. Lakini papa wa mtoni namjua. Yule mnene wa pua fupi anapanda Rufiji, anapanda Zambezi, Wazungu wa kusini wakamwita kwa jina la mto huo. Haogopi maji baridi yasiyo na chumvi.

#18 Mhandisi_Rabat

Jamani, Lodwar ameniharibia amani. Basi na mimi jino langu laweza kuwa la mpotevu wa mtoni?

#19 Lodwar_Jua

Nyangumi wetu yuko mmoja. Wewe una ndoo.

#20 Mwl_Lindi

Nafundisha jiografia hapa Lindi, na uzi huu umenifikisha nyumbani. Mnazungumzia Moroko wakati Tendaguru iko kama kilomita 60 kutoka nilipokaa!

Wengi wanajua mjusi, yaani dinosaria wa Tendaguru: Wajerumani 1909 hadi 1913, msimamizi wa vibarua Boheti bin Amrani, mamia ya watu wakichimba, wapagazi wakitembea takriban siku nne hadi bandari ya Lindi, mifupa zaidi ya tani 200. Lakini wachache wanajua kwamba kilima kile kimetoa pia meno ya papa. Meno madogo, ya *Hybodus* na wenzake, na taa mmoja aliyepewa jina 2002, *Engaibatis schultzei*. Umri wake takriban miaka milioni 150.

Na tabaka zake ziko hivi: tabaka la mifupa ya dinosaria, juu yake mchanga wenye makombe ya baharini, kisha dinosaria tena, kisha makombe tena. Tabaka tatu za mijusi zimepishana na za bahari. Mchungaji (#3), mimi nami huenda kanisani kila Jumapili, sina neno na Nuhu. Ila gharika moja ingekoroga kila kitu. Hapa nchi na bahari vimepeana zamu, taratibu, mara kadhaa, na kila zamu imeacha konokono na chaza zake.

#21 Mchungaji_Kijana

Mwalimu, nimekuelewa kwenye tabaka na nitalifikiria. Lakini niulize: hao dinosaria walikufaje kwa wingi jirani na bahari? Maji mengi hayakuhusika kabisa?

#22 Mwl_Lindi

Swali zuri, nalo halina jibu moja. Wapo wanaosema ukame: wanyama walikusanyika penye maji ya mwisho wakafa. Wapo wanaosema tope: miguu ya baadhi ya wakubwa ilikutwa imesimama wima, kama ng'ombe aliyezama kwenye dimbwi, asiweze kujinasua. Na wapo walioona dalili za dhoruba kali, hata tsunami, kwenye baadhi ya mchanga wa Tendaguru. Kwa hiyo maji mengi yamo kwenye orodha, ndiyo. Mimi naegemea tope. Nimeona ng'ombe wa jirani yangu alivyonasa bondeni masika, watu kumi na wawili hatukumtoa mpaka asubuhi.

#23 Yakhe_Forodhani

Hybodus unayemtaja, jamaa zake walikaa hata maji yasiyo chumvi. Kwa hiyo meno ya papa Tendaguru hayathibitishi bahari, yathibitisha maji tu. Narudi kwenye hoja yangu ya #8.

#24 Mwl_Lindi

Sawa, ndiyo maana sikutegemea jino. Bahari inathibitishwa na makombe. Jino lenyewe linaniambia lilikuwa kwenye ghuba tulivu au ukingo wa mawimbi, ikiwa nitalikuta pamoja na makombe ya pale. Nawapeleka wanafunzi mikokoni maji yakipwa, nawaambia: zikeni hapa mfupa wa ng'ombe, kaa, na mwiba wa taa, vyote vitakuwa tabaka moja. Wanaelewa papo hapo.

#25 Kibo_Kiboko

Mjusi wetu arudi kutoka Berlin kwanza, meno baadaye! Mita 13 na ushei kwenda juu, watalii wote hao wangekuja Lindi.

#26 Msimamizi_Zamu

Mjusi una uzi wake, tafadhali. Turudi kwenye meno.

#27 Mswahili_Maryland

Hamjambo. Nipo Marekani, Maryland, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Calvert Cliffs. Majabali ya pwani ya Chesapeake, mashapo ya Miosini, takriban miaka milioni 20 hadi 8. Jabali linamomonyoka lenyewe, meno yanaanguka ufukweni, watoto wangu wanaokota na chujio la unga. Chini ya jabali usisogee, linaua.

Meno ya hapa ni ya kijivu na meusi ti. Mwanzoni niliamini jeusi ndilo la kale kuliko la njano. Si hivyo: rangi inatoka kwenye madini ya tope lililolizika. La Mhandisi la rangi ya asali ni la kale mara kadhaa kuliko langu jeusi.

Na jambo la kina. Panama, 2010, watafiti walikuta kwenye mashapo ya kina kifupi ya miaka milioni 10 meno mengi ya megalodon WADOGO, wakasema hapo palikuwa mahali pa kulelea watoto. Kama pingusi wachanga wa Nahodha Rufiji. Yakhe, ukubwa wa meno ukiuhesabu kwa wingi unasema kitu. Usilitupe jino kubwa, lipange na madogo.

#28 Yakhe_Forodhani

Hapo umenigusa. Lakini je, haiwezi kuwa pale palikuwa na megalodon wenye miili midogo tu, au jino dogo ni la pembeni ya mdomo wa mkubwa? Meno ya pembeni huwa mafupi.

#29 Mswahili_Maryland

Walilizingatia: kila jino lilikadiriwa limekaa nafasi gani mdomoni, wakalinganisha na meno ya megalodon wa mahali pengine. Lakini kukadiria nafasi kwa jino lililo peke yake kuna ubishi wake. Sitaapa.

#30 Bint_Muscat

Assalaam aleykum. Wazazi wangu wa Pemba, mimi maabara Muscat. Huku milima ya Hajar, zaidi ya mita 2,000 juu, unaona makombe ya baharini ndani ya jiwe la chokaa, kwa hiyo ardhi kuinuka kwangu si ajabu.

Niwape njia nyingine ya kuliuliza jino. Enameli ya papa, lile gamba gumu la jino, imejaa floridi tangu ikiwa mdomoni, kwa hiyo haibadiliki kirahisi ardhini. Ndani yake kuna oksijeni, nyepesi na nzito. Uwiano wake unategemea joto la mwili wa papa jino lilipokuwa linajengeka, na pia kama maji yalikuwa ya chumvi au ya mto. Lodwar, hapo ndipo mpotevu wa mtoni anaweza kukamatwa, maana maji ya mto yana uwiano wake. Na kwa sababu papa hubadilisha meno mfululizo, kila jino ni picha ya muda mfupi tu.

Ila Mhandisi, jino lako ndilo baya kwa kipimo cha joto! Mwaka 2023 walionyesha megalodon alikuwa na mwili wenye joto kuliko maji, kama nyuzi 7. Otodus ni ukoo wake. Ukilipima utapata joto la mnyama, ukadhani ni la bahari. Kwa joto la bahari chukua jino la sindano la papa mdogo.

#31 Jiwe_Tabaka

Na hata ukilijua joto, kina bado. Kumbuka #13: maji ya kilindini yakipanda juu, ghuba ya mita chache inaweza kuwa baridi.

#32 Bint_Muscat

Kweli. Halafu wenye asili ya kwetu: ng'ambo ya mlangobahari wa Msumbiji, Nosy Makamby, kaskazini-magharibi ya Madagaska, walieleza 2015 papa na taa wa Miosini. Megalodon, papa wa jamii ya pingusi, taa. Wakahitimisha maji ya pwani, ya kitropiki, yasiyo na kina. Watoto wa Pemba hapo ni majirani.

#33 Mzee_wa_Soko

Tahadhari moja kwa Mhandisi na wanaotaka kununua. Niliwahi kununua taya zima Moroko, meno sita kwenye jiwe, nikafurahi. Nyumbani nikapaka asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, jiwe likalainika: mchanga na gundi. Meno yalikuwa ya kweli, lakini shina la moja lilibandikwa kwenye taji la jingine. Kitu kama hicho hakisemi lolote kuhusu bahari, kimekosa jirani zake. Na uliza kibali kabla ya kupita nalo uwanja wa ndege. Huku kwetu pia visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

#34 Mhandisi_Rabat

Shukrani Mzee. Langu nimelipaka asetoni, halikubadilika.

Wakuu, Ijumaa nimerudi kwa babu. Nimemwomba anionyeshe alipookota la mwisho. Ni ukingo wa mfereji wa maji ya mvua nyuma ya zizi. Sikuchimba, nilipiga picha tu na kupima. Kuna ukanda mweupe wa unga unga, unene sentimita 40. Humo nimeona kwa macho yangu: kipande cha kigae cha taa, meno matatu ya sindano, na ncha ya jino bapa kama langu, vyote ndani ya upana wa kiganja. Nahodha, jarife lako hilo hapo.

Lakini kigae cha taa kingo zake zimelainika, kama kokoto ya mtoni. Meno ya sindano yana ncha kali kabisa.

#35 Nahodha_Mstaafu

Taa huyo amesukwasukwa. Penye mawimbi, maji ya magoti au ya kifua.

#36 Jiwe_Tabaka

Au ametoka tabaka la chini lililofumuliwa, akazikwa mara ya pili pamoja na wasio wa zama zake. Ncha kali za sindano zinasema zenyewe hazikusafiri. Wawili hao hawana historia moja.

#37 Hesabu_Tu

Au vyote viwili. Mhandisi, jino bapa lililo ukutani, makali yake yakoje?

#38 Mhandisi_Rabat

Ncha tu ndiyo iko nje, upande mmoja umefunikwa. Babu amekataa liguswe mpaka mjukuu wake wa chuo cha jiolojia arudi likizo mwezi ujao, anasema wamechimba ovyo vya kutosha. Nitakuwepo. Nitaleta picha za kingo zote.

#39 Nahodha_Mstaafu

Weka sarafu pembeni unapopiga picha, macho yangu hayaoni vizuri bila kipimo. Na mpe babu salamu za Kilwa.